Kiti cha Abiria

Alhamisi ile, tukitoka hospitali ya Valmiera,
Skaidrīte alishuka garini kwa vipande:
kwanza mguu, kisha fimbo, kisha kimya,
kisha yeye mwenyewe, rangi imemtoka.
"Si nyonga," akasema. "Nyonga wameitengeneza.
Ni kiti chako."

Changu! Kana kwamba nilikiunda mimi,
si Wajerumani waliolimaliza gari hili
mwaka ambao binti yetu alianza kutembea.

Lakini nilikaa alipokaa yeye,
nikafunga mlango, nikasikiliza kwa makalio.
Kweli. Upande wa kulia palikuwa na shimo,
na chini ya shimo springi iliyokatika
ikininong'oneza mfupani.
Miaka thelathini nimeshika usukani,
sijapata hata siku moja kuwa abiria wangu.

Boliti nne. Tatu zilikubali.
Ya nne ilitaka mafuta, nyundo,
na matusi ya marehemu baba.
Nikakiingiza kiti jikoni, maana bandani
baridi ilikuwa nyuzi kumi na nne chini ya sifuri,
na ngozi bandia katika baridi hiyo
hupasuka kama barafu ya dimbwi.
Nikakilaza kifudifudi juu ya meza ya chakula.
Skaidrīte akahamisha bakuli la chumvi, basi.

Pete za waya nikazikata kwa koleo moja moja,
arobaini na mbili, nikazitia kikombeni.
Ganda likavuka.
Ndani: gunia lililooza, vumbi la manjano,
pini ya nywele, sarafu ya serikali iliyokwisha kuvunjika,
na chini kabisa, yameshindiliwa kama keki,
makumbi ya nazi.

Nikamwita aje aone.
Mnazi hatujapata kuuona, yeye wala mimi;
kwetu ni misonobari, na ule mti mweupe
unaobambuka kama karatasi.
Akachomoa uzi mmoja wa kahawia, akaunusa.
"Kumbe miaka yote hii," akasema,
"nimekalia pwani ya watu."

Muuza magodoro aliniuliza: laini au ngumu?
Nikasema laini, kama kijana anayeposa.
Springi niliitoa kwenye kitanda cha mama mkwe,
ambaye hakihitaji tena.
Sponji nikalikata kwa kisu cha mkate,
ganda nikalilegeza kwa mvuke wa birika,
likavikika, likawamba kama ngoma.
Usiku ule nililala nikijisifu.

Alhamisi ikarudi. Alikaa juu, kama malkia wa sarafu.
Kilomita kumi, kimya.
Kilomita ishirini, karibu na daraja la Gauja:
"Ilgvar, simamisha."
Nikasimamisha. Theluji ikaanza kutuhesabu kiooni.
"Kiti kimekuwa kizuri mno. Kinanisukuma.
Kinanikaribisha kama karani wa hoteli.
Lile shimo lilikuwa baya, sikatai,
lakini nusu yake lilikuwa langu."

Nini cha kujibu? Nikaendesha polepole,
nikikwepa mashimo ya barabara,
ambayo hayakuwa ya mtu yeyote.

Nikakifungua tena, meza ileile.
Nikachimba sponji kina cha kiganja,
hapo alipokuwa, kidogo kushoto kuliko nilivyodhani.
Makumbi nikayarudisha chini, yaleyale, nimeyakung'uta,
sponji jembamba juu yake kama shuka.
Na chini ya boliti za mbele nikaweka
vipande viwili vya ule mti mweupe, unene wa kidole,
ili mapaja yapate pa kuegemea.

Sasa hulala kabla hatujafika nusu ya njia,
mdomo wazi, fimbo kati ya magoti.
Simwamshi. Mimi nami nimeanza kulisikia
shimo la upande wangu,
ambalo jana sikulijua.

Pete tatu zimebaki kikombeni.
Sijui zilitoka wapi.
Kiti hakijalalamika.